Ukipunguzwa Kazi ya Kompyuta Ukiwa Mwanza: Mwongozo wa Siku Tisini za Mwanzo

Wavuvi wa dagaa wa Igombe na Kayenze hawaendi ziwani mwezi ukiwa mpevu. Dagaa hufuata taa, na mbalamwezi ikijaa, taa haimvuti samaki. Siku hizo utawakuta ufukweni wanashona nyavu, wanaziba mitumbwi, wanadaiana, wanalala mchana. Hakuna anayewaita wavivu. Giza likirudi nao wanarudi majini.

Sisi wa kompyuta hatuna kalenda ya namna hiyo. Mimi kazi yangu ilikatika Jumanne saa nane mchana, kwa barua pepe ya mistari sita. Nilikuwa chumbani kwangu Nyegezi, nikifanyia kazi kwa mbali kampuni moja ya Dar es Salaam, na kabla sijamaliza kusoma, akaunti zilianza kufungwa moja baada ya nyingine. Yaliwakuta wengi: Meta ilitangaza kupunguza watu 11,000 Novemba 2022, Google ikafuata na 12,000 Januari 2023. Nilizijua habari hizo. Hazikunisaidia kulipa umeme.

Ugumu wetu ni kwamba kioo kile kile kilichokufukuza ndicho unachotafutia kazi nyingine, ndicho unacholilia, ndicho unachokodolea usiku ili usahau. Msiba na shamba viko uwanja mmoja. Nitajaribu kuvitenganisha hapa, nikianza na mambo ambayo muda wake wa kisheria ni mfupi zaidi, maana hayo hayasubiri moyo utulie.

Saa za mwanzo: usisaini, usiandike, usiingie

Utaletewa karatasi usaini. Kama ni ya kuthibitisha kwamba umepokea barua, andika kwa mkono "nimepokea tu", weka tarehe, saini. Kama ni makubaliano ya kuachana kwa hiari, sema utajibu baada ya kuyasoma. Hakuna sheria inayokulazimisha kusaini papo hapo.

Mtego mkubwa zaidi huja kwa sauti ya upole: "Ndugu yangu, andika tu barua ya kuacha kazi, itapendeza kwenye wasifu wako." Usiandike. Anayeacha kazi mwenyewe anajifungia milango mitatu kwa kalamu yake: kiinua mgongo, fao la kukosa ajira la NSSF, na sehemu kubwa ya nguvu yake mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile watu wanayoiita CMA. Nimewaona watu wawili wakiandika barua hiyo kwa kuona aibu ya neno "kupunguzwa". Waliijutia kabla mwezi haujaisha.

Halafu, kama nenosiri lako la seva bado linafanya kazi, usilitumie. Hata kwenda kuchukua picha zako za harusi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inataja kosa la kuingia kwenye mfumo bila ruhusa na, kando yake, kosa la kubaki ndani ya mfumo baada ya muda wako kwisha. Waandikie kwamba kuna vitu vyako binafsi, na kwamba akaunti yako ya kanzidata haijafungwa. Barua pepe hiyo ni ushahidi wa uungwana wako siku wakidai data imepotea. Programu uliyoandika kwa mshahara wao ni mali yao, iache.

Wiki ya kwanza: karatasi

Kusanya mkataba, barua ya kuachishwa, hati za mshahara za mwaka mzima, kumbukumbu za likizo, na meseji zote zilizotaja kupunguza watu. Ziweke kwenye barua pepe yako binafsi, si ya ofisi. Kama laini ya simu unayotumia imesajiliwa kwa jina la kampuni, nenda siku hiyo hiyo ukabadilishe namba benki na kwenye akaunti zako zote. Namba za uthibitisho zikianza kwenda kwa simu iliyo kwenye droo ya mtu mwingine, utaijua tabu ya kujifukuza mwenyewe.

Sasa chukua kikokotoo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa aliyepunguzwa vitu hivi: mshahara wa siku alizofanya kazi, notisi, ambayo kwa mtu wa mshahara wa mwezi si chini ya siku 28, au malipo yake, fedha za likizo ambayo hakuichukua na sehemu ya ile iliyokuwa inaiva, kiinua mgongo kwa aliyetimiza miezi 12, cheti cha utumishi, na kama aliajiriwa kutoka mahali pengine, usafiri wa kumrudisha yeye na mizigo yake alikoajiriwa, pamoja na posho ya kujikimu akisubiri usafiri huo. Kifungu hiki cha usafiri husahaulika sana. Aliyetolewa Mwanza akaajiriwa Dar asikubali kurudi kwa nauli yake.

Kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, kwa miaka isiyozidi 10. Neno la kuangalia ni "siku". Ofisi nyingi hugawanya mshahara kwa 30, na hapo ndipo fedha zinapopotea. Jedwali la sheria hutaka ugawanye mshahara wa mwezi kwa 4.333, kisha kwa siku unazofanya kazi kwa wiki. Tuseme msingi wako ni shilingi 1,300,000 na umemaliza miaka 4 na miezi kadhaa. Ukifanya kazi siku 6 kwa wiki, siku moja ni kama 50,000, na kiinua mgongo ni 1,400,000. Ukifanya siku 5, kama wengi wetu, siku moja ni karibu 60,000, na jumla inafika kama 1,680,000. Kwa hesabu ya kugawanya kwa 30 ungepewa kama 1,213,000. Tofauti hiyo ni unga, mafuta na ada ya mtoto.

Kama mkataba wako ulikuwa wa muda maalumu na muda huo umekwisha wenyewe, kiinua mgongo hakipo. Na kama walikuita "mshauri" au "mkandarasi" ilhali ulikuwa ukiripoti kila asubuhi kama mwajiriwa, usikate tamaa mapema. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 inasema mtu anachukuliwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa mojawapo ya dalili zilizotajwa ipo: anasimamiwa namna ya kufanya kazi, anapangiwa saa, anapewa vifaa, anamtegemea mtu huyo mmoja kiuchumi, au amemfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu ya mwisho. Wengi wa fani yetu wanaangukia hapo bila kujua. Kampuni ya ng'ambo isiyo na ofisi nchini ni jambo jingine. Huko umeshika mkataba wako tu, usome kipengele cha namna ya kuuvunja.

Kabla ya siku ya 30: CMA

Mwajiri anayepunguza watu anatakiwa kutoa taarifa ya kusudio lake mapema, kutoa maelezo yote ya msingi, na kushauriana nanyi kuhusu sababu, namna ya kuepuka au kupunguza idadi, vigezo vya kuchagua nani aondoke, na malipo. Ukiona jina lako liliingia kwenye orodha hata kabla ya kikao cha kwanza, una hoja.

Hoja hiyo ina siku 30 tu tangu tarehe ya kuachishwa. Unajaza Fomu Namba 1 ya CMA, unampa mwajiri nakala, unawasilisha. CMA wana ofisi Mwanza, kwa hiyo huhitaji kupanda basi kwenda Dar kwanza. Madai mengine, kama mshahara ambao haujalipwa, yana siku 60. Kesi huanza kwa usuluhishi, mkikaa mezani na msuluhishi, na nyingi huishia hapo. Aliyefanya kazi chini ya miezi 6 hawezi kudai kwamba kaachishwa isivyo haki, ila ujira wake bado ni wake.

Mimi nilikwenda siku ya 24. Nilichelewa kwa sababu nilikuwa kwenye kundi la WhatsApp la waliopunguzwa, tukijadili kama twende. Wenzangu watatu waliendelea kujadili mpaka siku ya 35.

NSSF, bodi ya mikopo, bima

Fao la kukosa ajira ni la mwanachama ambaye hakuacha kazi mwenyewe. Aliyechangia miezi 18 au zaidi hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara wake kila mwezi kwa miezi 6. Aliye chini ya hapo hupewa asilimia 50 ya michango yake mwenyewe, mara moja. Kabla ya kwenda, angalia taarifa ya michango yako, maana wapo waajiri wanaokata na wasipeleke. Kama kuna mashimo, yaongeze kwenye madai.

Kama una mkopo wa elimu ya juu, ile asilimia 15 iliyokuwa ikikatwa imesimama pamoja na mshahara. Deni lenyewe halijasimama. Waarifu bodi. Bima ya ofisini nayo huisha na ofisi: kama kuna jino au presha ya kuangaliwa, fanya hivyo kadi ikiwa bado hai.

Kuwaambia watu

Niliendelea kuvaa shati na kutoka saa mbili asubuhi kwa siku tisa. Nilikuwa nakaa kwenye mawe karibu na kivuko cha Kamanga nikihesabu magari yakipanda. Siku ya kumi mke wangu akaniuliza kwa nini viatu vyangu vina mchanga.

Mwambie mwenzako siku ya kwanza. Wengine wafuate kwa mpangilio wa nani anategemea pesa yako: wazazi, mdogo wako unayemlipia chuo, mwenye nyumba. Mama yangu yuko Magu. Kwake mimi ni "mtoto wa kompyuta", na sikujua namna ya kumweleza kwamba kompyuta ipo ila kazi haipo. Nikamwambia, "Mama, ofisi imepunguza watu, nami nimo. Miezi mitatu hii nitatuma nusu." Akanyamaza kidogo, akauliza kama nimekula. Wiki iliyofuata alinitumia kwa basi gunia la michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Tulilila miezi miwili na maharage. Nusu yenye tarehe ni nzuri kuliko ahadi ya "nikipata nitatuma", maana mzazi huipangia.

Kwa mwenye nyumba, nenda kabla kodi haijaisha. Hapa Mwanza wengi hudai miezi mitatu au sita kwa mkupuo. Ukimwendea ukiwa bado na akiba, unaweza kuomba kulipa mwezi kwa mwezi. Ukimwendea ukiwa na deni, unaomba huruma. Vikoba ni hivyo hivyo: mweleze katibu kabla ya siku ya rejesho.

Pesa

Andika matumizi ya lazima ya mwezi mmoja, gawanya fedha zote ulizonazo kwa hesabu hiyo, upate idadi ya miezi. Namba hiyo ibandike mlangoni. Mimi ilikuwa minne na nusu.

Neno moja zaidi, na nalisema kwa ukali. Mkopo wa kwenye simu unaoingia dakika tano ndio kausha damu mwenyewe, ule mkopo wa riba ya kunyonya. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo ya kidijitali zinazofanya kazi bila leseni. Nyingine huomba ruhusa ya kusoma majina kwenye simu yako, na ukichelewa, bosi wako mtarajiwa anaweza kupata meseji kwamba wewe ni tapeli. Uza televisheni kwanza.

Kuishi mtandaoni bila kuliwa nao

Hapa ndipo nilipoumia zaidi, na nitakaa kidogo.

Usiku wa tatu niliandika andiko refu kuhusu kampuni ile: nani alibaki kwa upendeleo, meneja gani hajui hata kusoma msimbo. Lilikuwa tamu. Lilipata mioyo mingi, na marafiki walinipongeza kwa ujasiri. Nilifuta asubuhi. Wiki sita baadaye, kwenye usaili, yule mama aliyekuwa akinihoji alinionyesha picha ya andiko hilo kwenye simu yake akaniuliza, "Kijana, hili lilikuwa linatoka wapi?" Usaili uliendelea kwa adabu na kazi sikupata. Kwa hiyo siku tatu za mwanzo usiandike chochote hadharani. Hasira iandike kwenye daftari. Daftari halipigwi picha ya skrini.

Siku ya nne au ya tano, andika tangazo fupi. Sentensi moja kwamba nafasi yako imeondolewa, mbili za kazi ulizofanya kwa namba unazoweza kuzitetea, moja ya unachotafuta, na namna ya kukupata. Usishukuru kwa unafiki, usilaumu. Ile duara ya kijani ya LinkedIn inayosema unatafuta kazi, wapo wanaosema inakushushia thamani. Mimi niliiweka na watu wawili walinitafuta kwa sababu yake, basi.

Makundi ya WhatsApp yagawanye mara tatu. La ofisi, aga kwa heshima na utoke wewe, usingoje kuondolewa. La waliopunguzwa, baki mpaka mambo ya CMA yaishe, ila lizime sauti, kwa sababu baada ya wiki ya pili huwa halina taarifa mpya, lina uchungu wa kupashwa moto. La watu wa fani yako, hilo ndilo la kukaa, na ukae kwa kujibu maswali ya wengine. Kazi yangu ya kwanza baada ya kupunguzwa ilitoka kwa mtu niliyemsaidia kurekebisha hitilafu ya malipo saa nne usiku, bila kumjua.

Bando lipunguze kwa makusudi. Nilikuwa nanunua la mwezi, nikahamia la wiki, na kuisha kwake Jumamosi kukawa ndiyo wikiendi yangu. Kutafuta kazi kuwe na saa zake: mimi saa tatu mpaka saa sita mchana, kwenye kompyuta, mezani, si kitandani na simu. Kama unalenga kampuni za pwani ya mashariki ya Marekani, wao huanza kazi kwetu ikiwa saa kumi au kumi na moja jioni. Kukesha ukisubiri majibu saa nane usiku ni kujitesa bure, kule nao ndiyo kwanza wanakula cha jioni.

Na toka nje. Chukua daftari nenda maktaba ya mkoa, au tembea mpaka Jiwe la Bismarck na urudi. Ukiona usingizi umekata wiki mbili mfululizo, chakula hakipiti, au unawaza kwamba wenzako wangekuwa afadhali bila wewe, usiyatafutie jibu hayo kwenye simu. Mwambie mtu mmoja aliye karibu siku hiyo hiyo, akusindikize hospitali. Bugando wana madaktari wa afya ya akili, na kwenda kwao hakukufanyi mwendawazimu, kama jirani atakavyodhani.

Matapeli wanaowinda watu kama sisi

Anayekuomba ada ya usaili ni mwizi, hiyo inajulikana. Wapo wa kisasa zaidi. Kwa miaka kadhaa sasa watafiti wa usalama wameeleza mbinu inayowalenga waandika programu: mwajiri bandia anakusifu, anakupa jaribio, anakuelekeza upakue mradi fulani na kuuendesha. Ndani yake mna programu ya kuiba manenosiri na pochi za sarafu za kidijitali. Jaribio la mtu usiyemjua liendeshe kwenye mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta yako, isiyo na chochote chako, au uombe kulifanya mkiwa mnaonana kwa video. Anayekataa vyote viwili amejibu.

Kwa kazi za nje, uliza njia ya malipo kabla ya kuandika mstari mmoja. Kuna njia ambazo Mtanzania anaweza kutuma fedha lakini si kupokea, na utalijua hilo ukiwa umeshamaliza kazi.

Kazi za ziwani

Nilipata somo Mwaloni, Kirumba. Pale wafanyabiashara hupakia magunia ya dagaa kwenda mpaka Kongo, na mama mmoja aliyekuwa na wateja wa nchi tatu alikuwa akiandika kila kitu kwenye kaunta buku: gunia ngapi, nani kalipa nusu, gari lipi. Nilimtengenezea jedwali rahisi kwenye simu yake, likifanya kazi hata bila intaneti. Nilianza kwa kumweleza kuhusu seva na usalama wa data. Akanikatiza: "Baba, litaniambia nani ananidai na nani namdai?" Tangu hapo kila mteja namuuliza kwanza ni swali gani anataka lijibiwe.

Kazi za namna hii zipo kwenye viwanda vya sangara vinavyotakiwa kuonyesha samaki katoka wapi, kwenye shule binafsi, kwenye maduka ya dawa. Chukua nusu ya malipo kabla ya kuanza. Andikianeni, hata kwa ukurasa mmoja. Uwe na TIN, namba ya mlipa kodi. Mteja akiwa kampuni atakukata asilimia 5 ya kodi ya zuio kwenye huduma, mwombe cheti cha makato hayo, kwa sababu ni kodi uliyokwisha kulipa. Na usimfanyie kaka wa rafiki bure "ili ajionee". Atajionea, kisha atamleta shemeji yake naye ajionee.

Ofa mpya ikija

Mimi ilikuja siku ya 83. Kabla ya kusaini niliuliza kama ni mwajiriwa au mkandarasi, notisi ni siku ngapi, siku za kazi kwa wiki ni tano au sita, michango ya NSSF inaanza mwezi gani, na kompyuta ni ya nani. Yule afisa wa rasilimali watu alicheka, "Wewe umeshaungua." Nikamjibu kwamba ndiyo, kisha nikapiga picha kila ukurasa kwa simu yangu, yenye laini iliyosajiliwa kwa jina langu.